Lolth, Tiamat, Mamba Muntu: nani anaandika ubaya wa mungu mwanamuke?

Kati yetu kuna wanaocheza Baldur's Gate 3, ile iliyotoka mwaka 2023, na kuna wengi zaidi wanaotazama wengine wakicheza, siku ambayo megabaiti zinatosha. Hao wanamujua Shar, mungu mwanamuke wa giza, na wamesikia jina la Lolth, malkia wa buibui. Swali linalorudi kila mara mu mabishano yao ni hili: hadisi ya kweli ya Lolth ni ipi? Mumoja anasema ni pepo. Mwingine anasema hapana, ni mungu kabisa. Wa tatu anasema zamani alikuwa mungu muzuri, kisha akaanguka. Wanapandishiana sauti, na kumbe wote watatu wanasema kweli. Inategemea mwaka.

Ninataka kueleza yale mageuzi, kisha tuvuke tuje kwetu. Ju siye pia, hapa kando ya Lualaba, tuko na mwanamuke wa kuogopwa, na hadisi yake imegeuka labda kuliko ya Lolth. Tofauti ni moja: ya Lolth iko na tarehe, yake hatujawahi kuiandikia tarehe. Na hapo njo shida inaanzia.

Kwanza muchezo wenyewe, kwa wale wasioujua. Dungeons & Dragons ulichapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hauhitaji kompyuta. Watu wanazunguka meza, mumoja anasimulia dunia na hatari zake, wengine kila mutu anabeba muhusika wake, na kete zinaamua kama upanga umepata ama umekosa. Ni kama jioni ya hadisi kwa bibi, isipokuwa musikilizaji ana ruhusa ya kuingia ndani ya hadisi na kuiharibu. Sehemu kubwa ya michezo ya leo yenye viwango na pointi za uzima imetoka pale.

Lolth anaingia mwaka 1978, mu kitabu kidogo kinachoitwa Vault of the Drow. Pale ni pepo, malkia anayeabudiwa na drow, taifa la watu wa kichawi wenye ngozi nyeusi wanaoishi chini ya ardhi na kutawaliwa na wanawake. Alikuwa na pointi 66 za uzima. Pointi 66! Kundi la wachezaji wenye nguvu waliweza kumumaliza kabla ya chakula cha jioni. Mwaka 1980 kikatoka kitabu kingine cha kumufuata mpaka mu makao yake, ndani ya utando wa buibui. Kufika miaka ya 1990, waandishi wakaona adui bila zamani hatoshi. Wakamupa maisha ya nyuma: alikuwa anaitwa Araushnee, muke wa Corellon, mungu mukubwa wa elfi; akamusaliti mume, akafukuzwa, akageuka buibui. Yaani miaka mingi baada ya kuzaliwa kwake, njo wakamuandikia utoto.

Sasa angalia jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui. Miaka ya 1980, vikundi vya Wakristo Marekani vilianza kusema kwamba muchezo huu ni mulango wa shetani, unafundisha watoto uchawi. Kampuni iliyouchapisha ikaogopa. Mu toleo la pili, mwaka 1989, maneno «pepo» na «shetani» yaliondolewa. Viumbe wenyewe wakarudi baadaye wakiwa wamevaa majina mapya yasiyoeleweka. Toleo la tatu la mwaka 2000 likarudisha majina ya kwanza bila haya. Kwa hiyo kuna kipindi kizima ambapo mapepo wa muchezo walibadilisha jina kwa sababu ya wahubiri. Hakuna kilichotokea kuzimu. Mambo yalitokea Wisconsin, mu ofisi.

Badiliko la mwisho linatuhusu zaidi. Taifa zima lenye ngozi nyeusi, wanawake juu, na wote wabaya tangu tumbo la mama: watu walianza kuuliza huyo aliyeandika alikuwa anaogopa nini. Juni 2020, kampuni inayomiliki muchezo leo, Wizards of the Coast, ikatangaza kwamba itarekebisha namna ya kuonyesha drow. Mwaka 2021 wakatokeza drow wengine, wa mbali, ambao hawajawahi kumuabudu Lolth. Ubaya ukatolewa mu damu ukawekwa mu dini ya muji mumoja. Wachezaji wa zamani walinung'unika sana. Lakini kila mutu aliweza kufungua kitabu na kuona: mwaka huu walisema hivi, mwaka ule walisema vile.

Tiamat naye nimutaje haraka, ju mufano wake uko wazi kuliko wote. Mu muchezo, tangu kitabu cha wanyama cha mwaka 1977, ni joka lenye vichwa vitano: cheupe, cheusi, cha kijani, cha bluu na chekundu. Lakini jina lilichukuliwa Babiloni. Mu utenzi wa uumbaji wa Wababiloni, Tiamat ni mayi ya chumvi, na mume wake Apsu ni mayi ya baridi. Mayi yao ilichanganyikana, miungu wote wakazaliwa. Ni mama wa wote. Watoto wakapiga kelele, mume akauawa, mama akakasirika akaumba viumbe vya kutisha kumi na kimoja, na mwishoni Marduk akamupasua sehemu mbili kama samaki wa kukausha: nusu mbingu, nusu dunia. Na nani alikuwa anasoma ule utenzi mbele ya watu kila mwaka mupya? Makuhani wa Marduk. Mushindi njo alishika kalamu. Vichwa vitano havimo mu utenzi ule hata kimoja.

Basi, mama wa mayi aliyegeuzwa kuwa shetani. Hiyo inatukumbusha mutu.

Hapa Kindu tunamuita mamiwata, ama sireni kwa wale wanaochanganya na Kifaransa, ama Mamba Muntu kwa wale waliokaa Lubumbashi. Uliza kijana yeyote wa Kasuku ama Mikelenge atakuambia: mwanamuke muzuri, nywele ndefu, ngozi nyeupe, mukia wa samaki, anatoa utajiri na kudai roho ya ndugu yako. Na ataongeza: «Ni mambo ya wakale.» Siyo. Kuna vipande vya hadisi hiyo ambavyo tunaweza kuandikia tarehe, na mimi ninashangaa hatufundishwi.

Kipande cha kwanza ni nywele. Miaka ya 1880, mu muji wa Hamburg, Ujerumani, kampuni ya Adolph Friedländer ilichapisha picha ya rangi ya mwanamuke anayecheza na nyoka mbele ya watazamaji: nywele nyingi, nyoka mumoja ameinuliwa juu, mwingine anazunguka mwili. Ilikuwa tangazo la maonyesho ya kulipia. Picha ikafika Afrika ya Magharibi. Mwaka 1901, Bonny, mu delta ya Niger, kulipigwa foto ya sanamu ya kichwani iliyochongwa tayari kwa kuiga ile picha. Watu wa pwani walikuwa na miungu yao ya mayi tangu kale; walipoona mwanamuke asiye mweupe wala mweusi, nywele zikianguka namna hiyo, na nyoka anamutii, walisema: huyu njo yeye. Mwaka 1955 wafanyabiashara wakaagiza picha hiyo ichapishwe tena Bombay, nakala 12,000. Jina nalo ni la pwani ile, Kiingereza cha sokoni: mama wa mayi.

Kipande cha pili ni mukia. Huo ulikuja na mabaharia wa Ulaya. Pembe za ndovu zilizochongwa Sierra Leone kwa ajili ya Wareno, karne ya 15 na ya 16, tayari zina wanawake-samaki. Kwa hiyo samaki ni Mureno, nyoka ametoka Hamburg, na rangi zikapigwa upya India. Ukikutana naye usiku ku Lualaba, muombe pasipoti.

Kipande cha tatu ni chetu, na hapo ninataka kukaa kidogo.

Miaka ya 1960 na 1970, wachoraji wa Katanga walikuwa wanauza picha kwa wafanyakazi wa migodi na wa reli, picha za kutundika mu saloni. Johannes Fabian na Ilona Szombati, waliochunguza uchoraji huo miaka ya 1970, walikuta Mamba Muntu ni mumoja kati ya picha zilizopendwa sana. Baadaye Bogumil Jewsiewicki akaandika kitabu kizima, mwaka 2003, juu ya uchoraji wa miji yetu, na jina la kitabu ni hilohilo, Mami Wata. Angalia namna alivyochorwa: ameketi kando ya mayi, ngozi nyeupe, kitana, kioo, nyoka, na mara nyingi saa ku mukono. Saa! Samaki anahitaji saa ya nini?

Anaihitaji kwa sababu wakati ule saa ilikuwa alama ya mutu wa ofisi, mutu wa mushahara. Hadisi iliyoenda pamoja na picha ni hii: ukipata unywele wake ama kitana chake, atakuja mu ndoto kukidai. Mukubaliane bei. Atakupa pesa, gari, cheo, lakini utanyamaza, na utamupa mutu wa jamaa yako. Soma tena huo mukataba. Ni mukataba wa muajiriwa wa wakati ule: unapata mushahara wa muzungu, unanyamaza, na ndugu za kijijini wanakuona kama umekufa, ama wao wamekufa kwako. Mutu aliyeitundika juu ya kiti cha saloni hakuwa anaabudu. Alikuwa anatazama hofu yake mwenyewe, na tamaa yake pia, akiwa na bia mukononi.

Na hapa linganisha na Lolth. Wamarekani walipotunga mungu wao mubaya, walimupa watu wenye ngozi nyeusi. Wakongomani walipochora wao, walimupa ngozi nyeupe. Kila mutu alipaka rangi ya yule aliyemuogopa. Sijui mufano mwingine unaoonyesha wazi zaidi kwamba ubaya wa miungu hawa hautoki mu mayi wala chini ya ardhi.

Kipande cha nne kilikuja na makanisa ya uamsho, wakati pesa ya Zaire ilikuwa inaanguka, kampuni zinafunga, na yule mufanyakazi wa migodi hana tena mushahara wa kuogopea. Picha zikashushwa mu saloni. Wahubiri wakasema: huyo siyo picha, ni pepo halisi, yuko na serikali yake chini ya mayi. Maelezo mengi ya serikali hiyo yanafanana sana na kijitabu kimoja cha ushuhuda cha Emmanuel Eni, Munigeria, kilichotoka mwaka 1987 na kuzunguka Afrika nzima. Mule kuna malkia wa pwani, muji chini ya bahari, na wataalamu wanaobuni huko chini mavazi, manukato, mafuta ya kujipaka, mpaka mitindo ya magari. Filamu za Nigeria zikafanya kazi iliyobaki. Ukisikia leo mutu anasema kwamba nywele za kubandika ama mafuta fulani ya sokoni yametoka «chini ya mayi», unasikia toleo la 1987. Siyo la babu.

Bibi yangu, aliyezaliwa kijiji cha wavuvi chini ya Kindu, hakusema kamwe neno mamiwata. Alisema «wenyewe wa mayi». Hawakuwa na sura. Hawakuwa wanawake wala wanaume. Walikuwa na mahali pao, mule muto unapozunguka, na sheria zao: usioshe pale chungu chenye masizi, usipige kelele magharibi, samaki wa kwanza usimuuze. Ukivunja, wavu unarudi mutupu. Pwani ya Bahari ya Hindi, Waswahili wana chunusi, anayevuta waogeleaji chini. Naye hajulikani kwa kitana wala kwa saa. Kwa jicho la mutu wa agronomia, ninaona sheria za bibi zinalinda kitu: mahali pa samaki kuzaa, na watoto kutokaribia mukondo. Mamiwata wa leo halindi kitu chochote. Anatafuta tu mwenye kosa.

Hilo la mbegu linafaa kusemwa. Mupunga ulifika Maniema karne ya 19, pamoja na Waungwana na biashara ya Waarabu. Leo mulimaji anakuambia kwa uhakika analima IRAT 112, na ukienda shambani unakuta mashuke ya aina tatu, mengine marefu, mengine yamekomaa mapema. Amehifadhi mbegu misimu kumi, imechanganyika na ya jirani, jina limebaki lilelile. Yeye hadanganyi. Jina tu halisemi tena kilichomo mu gunia. Na mulimaji akipanda kwa kufuata jina, atavuna hasara.

Sasa hasara ya hii mbegu nyingine. Mu avenyu yetu kuna mama anayeuza samaki wa chumvi na mawese. Alikuwa mu likelemba na wenzake saba, ana kaye yake, kila faranga imeandikwa. Mwaka wa tatu akanunua mabati, kisha pikipiki ya kubeba mizigo. Pale njo wakaanza: nywele zake anazipata wapi, mume wake alikufa namna gani, mbona anaenda ku bandari mapema hivi. Anaenda mapema kwa sababu balenyeri zinashusha samaki mapema! Kanisa moja la karibu likamuombea kwa nguvu mbele ya watu, bila yeye kuomba. Wateja wakapungua. Mutoto wake wa miaka tisa akaanza kuitwa «wa mayi» ku masomo, na hapo mambo si tena uvumi wa kucheka.

Kwa wale wanaofikiri ni mambo ya dini tu: Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto uchawi. Sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mutoto, kifungu cha 160, inaweka adhabu: kifungo cha mwaka mumoja mpaka mitatu, na faini ya faranga 200,000 mpaka milioni moja. Yule mama hakuijua. Wahubiri hawakuijua. Nilipowaonyesha kifungu ku telefoni, muzee mumoja wa kanisa aliniambia sheria ya serikali haizamishi pepo. Lakini walinyamaza kwa yule mutoto, na hilo njo nililolitaka siku ile.

Kuna hasara nyingine, ya wazi zaidi. Mutumbwi ukipinduka kati ya upande wetu na Alunguli, kabla maiti hazijapatikana, jina la mamiwata linatajwa. Akitajwa, maswali yanaisha. Hakuna anayeuliza walipanda watu wangapi, kama kulikuwa na jile za kuokolea, kama dereva alikunywa, kwa nini walivuka usiku. Mwenye chombo anashukuru sana huyo mwanamuke, ju anamubebea kosa lake bure.

Wachezaji wa Lolth wana bahati ya kitu kidogo: mwaka ulioandikwa ku jalada. Wakibishana, wanaulizana «toleo gani?» na mabishano yanatulia. Mimi nimeanza kutumia hilo swali mu mazungumuzo ya hapa. Mutu akinisimulia juu ya nywele na nyoka, ninamuambia habari za Hamburg. Akinitajia saa na pesa, ninamuambia ya wachoraji wa Katanga. Akifika ku kiwanda cha manukato chini ya mayi, ninamuambia 1987. Wengine wanakasirika. Mumoja alinijibu kwamba kujua tarehe ya uongo hakumaanishi pepo hayuko, na ninakubali kwamba hilo ni jibu la kweli. Mimi sibishani juu ya pepo, ninabishana juu ya yule jirani anayeoneshwa kidole.

Kile ambacho bado kinanikosa ni toleo la kwanza. Bibi amekwisha kufa na yeye alijua kipande kidogo tu cha muto. Ninyi mulio Kibombo, Kasongo, Kabambare, Pangi, Punia, Lubutu, Kailo, na wale mulio kwa Wagenia: wazee wenu walikuwa wanawaita namna gani wenyewe wa mayi, kabla hawajapata nywele ndefu? Andikeni jina, mahali, na umri wa aliyewaambia. Umri hasa.